Sura ya Tatu: Urithi wa Kiti

Agosti 1958, katika mahakama ya Dar es Salaam, Julius Nyerere alitiwa hatiani kwa kosa la kuandika. Alikuwa mhariri wa Sauti ya TANU, kijarida cha chama, na humo alikuwa amewashambulia maofisa wawili wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Hakushtakiwa kwa kumpiga mtu wala kwa kuchoma ofisi. Alishtakiwa kwa kashfa, na kashfa katika sheria ile haikuwa ugomvi wa watu wawili unaoweza kumalizwa kwa fidia. Ilikuwa jinai. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza yule yule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria miaka michache kabla. Hakimu akampa Nyerere achague: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini. Mwaka uliotangulia serikali hiyo hiyo ilikuwa imempiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara.

Sijapata kukutana na Mtanzania anayesema kesi ile ilikuwa ya haki. Mfuasi wa chama tawala na mfuasi wa upinzani, mzee wa TANU na kijana aliyezaliwa Mwalimu Nyerere akiwa ameshafariki, wote wanakubaliana kwamba aliyekosea siku ile ni serikali. Ofisa anayelipwa kwa kodi ya watu hana budi kuvumilia kusemwa na watu hao, hata wakimsema kwa ukali, hata wakikosea jambo moja au mawili katika kumsema. Kwa hiyo sina haja ya kumshawishi msomaji kuhusu kanuni yenyewe. Kanuni anayo tayari. Ninachotaka tuulizane ni kilichoipata sheria ile baada ya tarehe 9 Desemba 1961.

Haikwenda popote. Kashfa iliendelea kuwa jinai. Uchochezi uliendelea kuwa jinai. Sheria ya magazeti ya mwaka 1928, iliyotungwa na Waingereza, ilikaa hadi ilipopokewa na Sheria ya Magazeti ya 1976, na hiyo mpya ikampa waziri uwezo wa kulifungia gazeti endapo ataona kwamba kufanya hivyo ni kwa maslahi ya umma au kwa ajili ya amani na utulivu. Endapo ataona. Hakutakiwa kuthibitisha mbele ya mtu yeyote. Wabunge waliopitisha maneno hayo walikuwa wameishi chini ya ukoloni, na kiongozi wao alikuwa na kumbukumbu ya kizimbani.

Kabla ya hapo, mwaka 1962, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, Bunge lilikuwa limeshapitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Mtu angeweza kufungiwa bila kushtakiwa, na amri ya kumfungia isingehojiwa katika mahakama yoyote. Siamini kwamba waliopitisha sheria hii walikuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu za kweli. Nchi ilikuwa changa, jeshi lilikuwa bado na maofisa wa Kiingereza, majirani kusini walikuwa bado mikononi mwa Wareno. Januari 1964 askari waliasi kweli, na kwa siku kadhaa serikali haikuwa na uhakika wa kesho yake. Lakini tazama ni nani waliokamatwa baada ya maasi yale. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini, shirikisho lao, TFL, likavunjwa, na mahali pake pakawekwa NUTA, iliyokuwa chini ya chama tawala. Miaka michache nyuma wafanyakazi hawa ndio waliogoma bandarini na kwenye mashamba ya mkonge na kuutikisa ukoloni. Sheria ilikuwa imeombwa kwa ajili ya maadui wa taifa. Ikawafikia waliolipigania.

Imani yangu ya kisiasa imetokana na historia hiyo kuliko ilivyotokana na kitabu chochote cha falsafa, na naweza kuieleza kwa ufupi. Serikali isipewe juu ya vinywa vya watu mamlaka yoyote ambayo nisingethubutu kuyaona mikononi mwa mtawala ninayemwogopa. Mamlaka hayaondoki na mtu aliyeyaomba. Hubaki kwenye kiti, na kiti hupata mkaaji mwingine, kisha mwingine, kila mmoja akikuta humo vitu ambavyo hakuhitaji kuviomba mwenyewe. Anayeniambia nisiwe na wasiwasi kwa kuwa kiongozi wa sasa ni muungwana amejibu swali ambalo sikuliuliza.

Nisieleweke kwamba nataka serikali legelege. Nataka polisi wafike mwanamke anapopigwa usiku. Nataka hati ya kiwanja ikiandikwa jina langu isije ikaandikwa na jina la mwingine. Nataka zahanati yenye dawa na barabara inayopitika masika. Serikali inayofanya hayo ina kazi nyingi na nzito, na inastahili kodi yetu. Ninachokipinga ni serikali inayojitwalia kazi ya kuamua nani aseme, aseme nini, na lini, kwa sababu ikishaipata kazi hiyo hata zile nyingine huanza kuharibika bila yeyote kuiambia.

Ushahidi wa hili tunao nyumbani. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na kazi zao zikaenda kwa watendaji walioteuliwa kutoka juu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya mazao vikavunjwa, vikiwemo vilivyojengwa na wakulima wenyewe tangu enzi za ukoloni, kama kile cha kahawa cha Kilimanjaro na cha pamba cha Ziwa Victoria. Katikati ya miaka hiyo miwili ikafanyika Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba hadi kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji, na mamilioni wakahamishwa, wengine kwa hiari, wengi kwa kusukumwa, na kuna mahali nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Watu walihamishiwa mbali na mashamba yao. Palikuwa na vijiji visivyo na maji ya kutosha. Miaka ile ya 1974 na 1975, ukame nao ukiwa umechangia, nchi ikaagiza chakula kwa wingi kutoka nje.

Sasa jiulize: mkulima wa Dodoma au wa Kigoma aliyekuwa anaona wazi kwamba kijiji kimewekwa mahali pabaya angemwambia nani? Diwani hakuwepo tena, kwa maana baraza lilikuwa limefutwa. Mwenyekiti wa chama cha ushirika naye alikuwa njiani kuondoka. Chama cha siasa kilikuwa kimoja, na ndicho kilichoamuru uhame. Gazeti la The Standard lilikuwa limetaifishwa tangu 1970 na kuja kuwa Daily News, na Uhuru lilikuwa la chama. Redio ilikuwa moja, ya serikali. Zilikuwa zimebaki barua kwa mhariri, na namheshimu kila aliyeandika barua kama hizo enzi zile, lakini barua haikumzuia bwana shamba wala mkuu wa wilaya.

Hapa ndipo mambo mawili ya sura hii yanapokuwa jambo moja. Watu huzungumzia uhuru wa kusema kana kwamba ni suala la waandishi wa habari, na mipaka ya serikali kana kwamba ni suala la wanasheria. Kila baraza la madiwani, kila chama cha wakulima, kila chama cha wafanyakazi na kila msikiti au kanisa lisilochukua maelekezo kutoka ofisini ni mahali ambapo neno la kupinga linaweza kutamkwa na mtu mwenye nguvu kidogo ya kulisimamia. Ukivivunja hivyo vyote, huna haja ya kumkataza mtu kusema. Atasema peke yake, na atakuwa na hofu.

Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Nyerere alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya yapo mambo ambayo asingeyafanya, na aliyoyataja ni kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ni kauli ya mtu mkubwa, na viongozi wachache katika bara hili wamewahi kusema kitu kama hicho wakiwa bado madarakani. Mimi huisoma kwa heshima na kwa uchungu. Mambo aliyokuja kuyatambua baada ya miaka 12 wakulima waliyajua katika msimu wa kwanza.

Kwa jirani zetu kaskazini hadithi ina sura nyingine, na kwa sisi tunaoipenda lugha hii inagusa moyo moja kwa moja. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliyekuwa mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, alitoa waraka wenye kichwa Kenya: Twendapi? Aliuliza nchi inapelekwa wapi chini ya serikali ya KANU. Kwa swali hilo akashtakiwa kwa uchochezi, kosa lile lile la kikoloni, na akafungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la Rais ambaye serikali yake ilimfunga. Rais huyo naye, mwaka 1953, alikuwa amehukumiwa na Waingereza kifungo cha miaka saba katika kesi ambayo leo hakuna Mkenya anayeitetea.

Nimeyasoma mashairi yale mara nyingi, na kila mara nakumbuka kwamba waraka wake ulikuwa wa kurasa chache tu. Kama Kenya ya 1968 ingemwacha Abdilatif aulize swali lake, wangelisoma watu wachache wa Mombasa na wengine wangelijibu. Serikali iliyokuwa na jeshi, polisi, redio na hazina haikuweza kuivumilia karatasi ya kijana wa miaka 22.

Kenya ilikuja kubadilika, na imebadilika kwa njia ninayoitamani kwetu. Kosa la uchochezi liliondolewa katika sheria mwaka 1997. Katiba ya 2010 ikaulinda uhuru wa kujieleza kwa kutaja yale machache usiyoyahusu: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema kashfa ya jinai haipatani na Katiba hiyo. Anayechafuliwa jina aende kudai fidia kama raia mwingine yeyote. Mwaka uliofuata tu Bunge likapitisha sheria ya makosa ya mtandao, na kifungu kimoja cha sheria hiyo kiliruhusu kumfunga mtu hadi miaka 10, au kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 5 za Kenya, kwa kuchapisha habari za uongo. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa tuhuma za kuandika maneno ya kumchafua naibu mkuu wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi na akafia mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hajifanyii mwenyewe. Wapo watakaosema kwamba sheria haikuwaamuru polisi kuua, na ni kweli. Lakini sheria ndiyo iliyoyafanya maneno ya mwalimu yule kuwa jambo la polisi tangu mwanzo.

Nimewahi kubishana juu ya haya na baba yangu mdogo, ambaye miaka ya 1970 alikuwa balozi wa nyumba kumi na ambaye ni mmoja wa watu waadilifu kuliko wote ninaowajua. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwake baada ya sala ya alasiri.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe hukuiona nchi hii ilivyokuwa. Makabila zaidi ya mia, dini mbalimbali, na hatukuchinjana. Unadhani ni bahati? Tuliyachunga maneno."

"Baba, mliyachunga maneno ya nani?"

"Ya wachochezi."

"Na nani alikuwa anasema huyu ni mchochezi, huyu siyo?"

Alinyamaza kidogo. "Hilo halikuwa letu. Lilikuwa la wakubwa." Kisha akaniuliza swali ambalo ni lazima kila mtu mwenye imani kama yangu alijibu, la sivyo asipoteze muda wa watu. "Na Rwanda je? Kule si redio iliyoua?"

Hoja ya baba mdogo ni nzito, nami sitaki kuipita juu juu. Redio hiyo, RTLM, ilianza kurusha matangazo mwaka 1993. Mwaka 1994, mauaji yakiendelea, ilitaja majina ya watu na mahali walipo, na wauaji wakaenda. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa hapa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Walistahili. Mtu anayewaambia wenye mapanga kwamba fulani amejificha nyumba ile hatoi maoni. Anashiriki kuua, na sheria ya nchi yoyote iliyostaarabika lazima imkamate.

Lakini nilimwambia baba mdogo atazame redio ile ilikuwa ya nani. Ilianzishwa na watu wa karibu na utawala, ikamilikiwa na wenye fedha na vyeo, na katika miezi ile ya mauaji ilizungumza sauti moja na waliokuwa wameishika dola. Mkulima wa Kitutsi hakukosa ulinzi kwa sababu raia walikuwa na uhuru mkubwa mno wa kuisema serikali. Alikosa ulinzi kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa mwindaji, na sheria za uchochezi, ambazo Rwanda nayo ilikuwa nazo, hazikuweza kutumika dhidi ya wenye serikali. Ninachokichukua kutoka Rwanda ni kwamba kosa la kuchochea mauaji lazima liwepo, liwe finyu, lieleze wazi hatari yenyewe na ukaribu wake, na lihukumiwe na majaji wasiomwogopa mkubwa. Sipati humo ruhusa ya kumfunga aliyesema waziri ni mzembe.

Baba mdogo hakukubali yote. Alisema vijana wa siku hizi wanatukana mno, na kwamba mtu mzima kutukanwa hadharani ni jambo linalovunja zaidi ya heshima yake mwenyewe. Nakubaliana naye kuhusu matusi. Hatukukubaliana kama dawa yake ni pingu. Mama ntilie anayezushiwa kwamba chakula chake kina sumu ana haki ya kwenda mahakamani na kudai fidia, na ningependa njia hiyo iwe nafuu na ya haraka kuliko ilivyo. Rais, waziri na mkuu wa mkoa wana vipaza sauti, wana wasemaji wanaolipwa, wana televisheni ya taifa. Wakitukanwa wanaweza kujibu na nchi nzima ikasikia.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, pamoja na hayo, na mwaka 1992 vikarudi. Wapo wanaoona kwamba wengi walidharauliwa siku ile. Mimi naona Nyalali aliliona jambo ambalo hesabu ya kura peke yake hailioni: wale asilimia 80 hawakupoteza chochote kwa wale wengine kuruhusiwa kuwa na chama chao. Waliendelea na CCM na waliipigia kura. Haki ya kusema tofauti haihesabiwi kwa wingi wa wanaoitaka, kwa sababu wanaoihitaji daima ni wachache, na leo ni hawa, kesho ni wengine. Tume hiyo hiyo iliorodhesha sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Ile ya kizuizini ya 1962 ilikuwamo. Ile ya magazeti ya 1976 ilikuwamo, na iliishi miaka mingine 24, hadi ilipofuatwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba vifungu vya sheria hiyo mpya kuhusu uchochezi, kashfa ya jinai, habari za uongo na uwezo wa waziri wa kupiga marufuku vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kizazi kizima kilikuwa kimepita tangu Nyalali akabidhi ripoti yake, na majaji walikuwa bado wanasoma maneno ambayo Pritt angeyatambua.

Urithi wa namna hii hauhitaji hata sheria itaje maneno au magazeti. Mwaka 1983, bidhaa zikiwa zimeadimika madukani, serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwa kuficha sukari, sabuni, vitenge. Wananchi wengi walishangilia, na ninaelewa kwa nini, kwa kuwa foleni zilikuwa ndefu na wenye maghala walikuwa na jeuri. Msako ulitangulia, sheria ikafuata, na mwaka 1984 ikaja Sheria ya Uhujumu Uchumi ambayo ipo hadi leo. Julai 2019 mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Kwanza tuliambiwa ni suala la uraia wake. Kisha akafikishwa mahakamani katika kesi ya uhujumu uchumi, kwa kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha, na utakatishaji fedha hauna dhamana. Alikaa rumande miezi saba. Mama yake alifariki mwishoni mwa Desemba na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Aliachiwa Februari 2020 baada ya makubaliano na upande wa mashtaka. Waliopiga makofi mwaka 1983 mfanyabiashara wa sukari alipobebwa kwenye Land Rover hawakuwa na namna ya kujua kwamba wanasaidia kuutengeneza mlango atakaopitishwa mwandishi miaka 36 baadaye.

Hata kuhesabu kumewahi kuguswa. Shirika la Twaweza lilikuwa likipiga simu kwa wananchi na kuuliza kama wanaikubali kazi ya Rais Magufuli. Mwaka 2016 asilimia 96 walisema ndiyo, mwaka 2017 asilimia 71, mwaka 2018 asilimia 55. Idadi ya kwanza ilipotoka hakuna aliyeuliza kibali. Ya tatu ilipotoka, Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaandika barua kutaka maelezo kwa nini utafiti umefanywa bila ruhusa. Septemba mwaka huo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, na kutoa takwimu zinazopingana na za serikali kukawa kosa. Benki ya Dunia ikaonyesha wasiwasi, na Juni 2019 kifungu kikalegezwa. Inaniuma kwamba ilibidi sauti itoke Washington. Mwalimu wa Singida anayehesabu madawati ya shule yake na kukuta ni pungufu kuliko ilivyoandikwa kwenye ripoti ana haki ya kusema hesabu yake bila kusubiri mkopeshaji amtetee.

Kuna matukio mawili ya miaka hiyo ninayoyaweka pamoja kila ninapofikiria jambo hili, na yote mawili yanahusu wasanii wa muziki wa kufoka. Machi 2017 Nay wa Mitego alitoa wimbo uitwao Wapo, uliowasema wakubwa. Polisi wakamkamata, na BASATA, baraza la sanaa la taifa, likaufungia wimbo. Siku moja baada ya kukamatwa kwake Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa, kwamba ameupenda, na kwamba anashauri uongezewe maovu mengine, kama ukwepaji kodi. Watu wakafurahi, redio zikaupiga. Februari 2018 Joseph Mbilinyi, Sugu, mmoja wa waasisi wa muziki huo nchini na wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa hadhara, yaliyoonekana kumtukana Rais huyo huyo. Mei akatoka kwa msamaha wa Rais.

Wote wawili walitoka kwa neno la mtu mmoja. Mmoja alipendwa mapema, mwingine alisamehewa baadaye, na sheria haikuwa na la kusema katika kutoka kwao kama ilivyokuwa nalo katika kuingia kwao. Msanii wa tatu aliyekuwa chumbani kwake Tandale au Mwanjelwa akiandika mashairi aliyaona hayo, na hakuwa na kipimo chochote cha kujua maneno yake yatampendeza nani. Naamini alifuta mistari. Mistari hiyo hatutaisikia, na haimo katika takwimu zozote za waliokamatwa.

Februari 2022 Waziri Nape Nnauye alirudisha leseni za magazeti manne: MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Nilifurahi na niliyanunua yaliporudi mitaani. Lakini yalirudishwa kwa tangazo la waziri, kama yalivyofungwa kwa tangazo la serikali, na katikati wahariri walikuwa wametafuta kazi nyingine na wachapishaji walikuwa na madeni. MwanaHalisi ilikuwa imepitia haya kabla. Ilifungwa Julai 2012, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2015 kwamba amri ile haikuwa halali, na miaka mitatu ya wasomaji haikurudishwa na hukumu.

Kwa hiyo mgombea yeyote anayekuja kuniomba kura, wa chama chochote, namwuliza jambo moja mahususi. Je, yuko tayari mamlaka ya kufungia gazeti, redio au ukurasa wa mtandaoni yatoke ofisi ya waziri kabisa na yaende kwa jaji? Serikali ikiona gazeti limechochea mauaji, iende mahakamani, ilete gazeti lenyewe, ioneshe mstari wenyewe na hatari yenyewe, na mhariri awepo na wakili wake. Hadi jaji atakapoamua, gazeti liendelee kutoka kila asubuhi. Wengi huniambia kwamba wao, wakishinda, hawatafungia gazeti lolote. Huwa nawashukuru, kisha nawauliza tena swali lile lile.